Lifti za Barabara ya Muleba

Kamusi yangu ya kwanza ya Kiingereza haikuwa na jalada, na kurasa zote za herufi A zilikuwa zimekwisha. Niliinunua kwa mwalimu aliyekuwa akihama, na kwa kuwa shule niliiachia darasa la saba, kamusi hiyo ndiyo ikawa sekondari yangu. Nilikuwa fundi saa kwenye baraza la duka moja mjini Bukoba. Kazi ya saa ina kungoja kwingi. Unangoja gundi ikauke, unangoja mteja arudi, unangoja saa itembee nusu siku uone kama inachelewa. Katika kungoja huko nilisoma. Desturi yangu ilikuwa kuchukua neno moja la Kiingereza lililokuwa likitumika mtaani, kulitafuta kwenye kamusi, kisha kulisikiliza wiki nzima nione kama watu wanalitumia kama walivyoagizwa.

Neno lililonishinda ni lifti.

Kamusi ilisema ni kuinua kitu kutoka chini kwenda juu, au chombo cha kupandisha watu ghorofani. Ghorofa zetu za Bukoba miaka ile zilikuwa chache na fupi, na kila mtu alipanda kwa ngazi zake. Hata hivyo lifti ilikuwa kila mahali. Iliyojulikana na wote ilikuwa ya barabarani. Baada ya Uhuru watu walikuwa na mahali pengi pa kwenda kuliko zamani, lakini mabasi hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na miaka ya Ujamaa ilipokolea, mafuta yakawa ya mgawo na vipuri vikawa hadithi. Kwa hiyo mtu alisimama kando ya barabara na kupungia mkono kitu chochote chenye injini, kuanzia lori la kahawa mpaka gari la misheni na trekta la kijiji. Kupanda bila tiketi na kushuka kwa ahsante ndiyo ilikuwa lifti. Hapo mimi na kamusi hatukugombana sana, maana kupanda juu ya magunia kwa kweli ni kuinuliwa.

Ugomvi ulianza kwenye mvua. Bukoba mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea, na mtu mwenye mwavuli hakuachwa atembee peke yake. Nilimsikia bwana mmoja akimwingilia mwenziwe chini ya mwavuli mbele ya meza yangu.

"Ndugu, lifti mpaka sokoni."

"Mimi naishia posta."

"Basi nishushe posta."

Wakaondoka wamebanana, kila mmoja bega moja limeloa.

Mtaa wa Hamugembe, kwenye lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, lifti ilikuwa kunywa kwenye kibuyu cha mwingine. Wazee wawili walikuwa wakimtazama wa tatu akivuta kigoda chake karibu yao. Mmoja akauliza, "Huyu leo kaja na kibuyu?" Mwenziwe akajibu, "Huyu? Huyu ni wa lifti tangu wakati wa mkoloni." Fundi viatu niliyekaa naye baraza moja alinieleza habari za mtihani wa mwanawe kwa neno lilo hilo. Nilimuuliza kama kijana amefaulu kwa akili zake. Akasema, "Alipata lifti kwa jirani yake tangu swali la kwanza. Kwenye hesabu wakashushwa wote wawili."

Nilidhani mipaka ya neno imeishia hapo, mpaka nilipokwenda kwenye msiba wa mzee aliyelala mzima akaamka hayupo. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, na bibi mmoja akasema polepole, akijisugua miguu, "Mwenzetu amepata lifti. Sisi wengine tutakwenda kwa miguu, na magoti yenyewe ndiyo haya."

Siasa nayo haikulikosa. Jumamosi moja tulikwenda kulima shamba la pamoja, na kama kawaida palikuwa na watu wachache wanaolima na wengi wanaoegemea majembe. Mwenyekiti akasimama kwenye kichuguu. "Ndugu wananchi," akasema, "Ujamaa si lifti."

Mzee mmoja akainua kichwa kutoka kwenye matuta. "Ni kweli, mwenyekiti. Na jembe lako liko wapi?"

"Mimi ni dereva," akasema mwenyekiti.

Niliyakusanya matumizi hayo kichwani, nikayapima moja moja, nikapata maana moja iliyoyafunika yote: lifti ni kufika mahali kwa nguvu za mwingine. Niliridhika nayo. Kisha siku ya mvua kubwa msichana mmoja akakimbilia barazani kwangu na mfuko wa vitambaa kifuani. Alikuwa akijifunza kushona kwa masista, kwao ni upande wa Muleba.

"Fundi," akasema, "naomba lifti ya baraza."

Nikamwambia, kwa kuwa ndivyo nilivyofikiri, kwamba baraza haliendi popote.

"Nitangoja liondoke," akasema.

Alingoja mpaka mvua ikaisha, na baadaye akawa anakuja kungoja hata siku za jua, mpaka mafunzo yalipoisha akarudi kwao. Ndiyo sababu nikamtuma shangazi yangu kwao.

Shangazi alirudi na jibu lisilo na sukari. Baba wa msichana alikuwa mkulima wa kahawa mwenye kibanja kipana, yaani shamba la kuzunguka nyumba, migomba iliyoshiba, na zizi la ng'ombe ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuipa migomba hiyo samadi. Kanisani alikaa benchi la mbele. Alisema hana neno na kijana, ila kwetu Wahaya mtu ni kibanja chake, na alikuwa amesikia kwamba mimi ni mtoto wa katikati. Jambo hilo lilikuwa kweli. Kibanja cha baba yangu kilimwendea kaka mkubwa, kipande kikamwendea mdogo wetu wa mwisho, na mimi nikapata baraka. Kulikuwa pia na mposaji mwingine, katibu wa chama cha msingi cha kahawa, mwenye kibanja, nyumba ya bati na baiskeli mpya. "Waje mara moja," baba wa msichana alimwambia shangazi. "Walete mtu wa kunijibu habari ya kibanja. Wakileta maneno ya mjini, hiyo itakuwa mara ya mwisho."

Nikatafuta mshenga. Nilimpata katekista mstaafu wa Kibeta, mzee mwembamba, msafi, mwenye koti jeusi na mkongojo wa mti mgumu. Alikuwa amewahi kuposea watu waliokuwa na hali mbaya kuliko yangu. Alitayarisha hotuba juu ya kibanja, akanisomea nyumbani kwake. Ilikuwa na methali nyingi zilizopangwa vizuri hivi kwamba alipomaliza sikukumbuka swali lilikuwa nini. Nilitoka kwake na matumaini.

Safari ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Wakati ule Jumapili magari hayakuruhusiwa kutembea kuanzia saa nane mchana, kwa ajili ya kubana mafuta, kwa hiyo ilibidi tuwahi. Tulipata lori lililokuwa likipeleka magunia ya dagaa Muleba. Dereva alikuwa mtu mnene, mcheshi, mzaliwa wa Kamachumu. Katekista akaketi mbele kama ilivyomstahili, mimi nikapanda juu ya magunia na vibuyu viwili vya lubisi. Tulipofika Kemondo tulimkuta sista amesimama kando ya barabara na kuku wawili. Katekista hawezi kumwacha sista akae juu ya dagaa. Akashuka, akampa nafasi yake, akavua koti lake na kulikabidhi kwa dereva pamoja na mkongojo, visipate harufu, akapanda nyuma nilipokuwa. Jua lilikuwa kali, na dagaa hawakutuonea haya. Sista aliposhukia parokiani, karibu na Muleba, nilimwambia mzee arudi mbele.

"Harufu imeshaingia," akasema. "Haina haja kuihamisha."

Tulifika nyumbani kwa msichana saa nane ikikaribia, manyunyu yameanza. Dereva alisema hawezi kuendelea tena siku hiyo, akaingiza lori uani. Akashuka na mali ya katekista. Ili koti lisikunjamane akalitupia mabegani, na mkongojo akaushika mkononi, akaelekea mlangoni kuvihifadhi. Sisi wawili tulikuwa bado nyuma, tunashusha vibuyu.

Mlangoni alisimama baba mkubwa wa msichana. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za watu wa rika lao, mgeni mkuu hupokelewa mkongojo kwa mikono miwili, na anayepokelewa mkongojo ndiye anayepewa kigoda cha mbele na kahawa ya kwanza ya kutafuna. Haulizwi jina wala shida yake kabla ya kahawa, kwa sababu kumuuliza ni kumwambia kwamba angeweza kufukuzwa. Baba mkubwa aliona mtu ameshuka mbele ya gari, ana koti jeusi, ana mkongojo. Akaupokea. Dereva, kwa adabu aliyolelewa nayo, akauachia. Tulipoingia na vibuyu vyetu tulimkuta ameketi kigodani, kikapu kidogo cha kahawa mbele yake, anatafuna.

Mtu wa mahali pengine angesema tu kwamba pametokea kosa. Kwetu haiwezekani. Kahawa ikishatafunwa, kichwa cha msafara kimejulikana. Kusema si yeye ni kumwambia mwenye nyumba kwamba amekosea kwake mwenyewe, na hakuna posa iliyofanikiwa kwa mwanzo huo. Dereva alilijua hilo vizuri kama sisi. Niliona taya lake limepunguza mwendo, macho yakizunguka chumbani, kwa baba, kwa vibuyu, kwangu niliyevaa shati jipya, na nikaona saa ileile alipoelewa ameingia kwenye jambo gani. Akameza.

Mimi na katekista tukakaa kwenye nyasi karibu na mlango. Gamba la dagaa lilikuwa likimetameta kwenye mkono wa shati lake.

"Anajua hata jina lako?" akaninong'oneza.

"Hajui."

"Basi kaa kimya. Mdomo wa posa ni mmoja."

Baba wa msichana akamkaribisha kwa neno letu la heshima. "Karibu, waitu. Tumeambiwa umefundisha dini miaka mingi. Tufungulie kwa sala."

Dereva alikuwa Mlutheri. Aliinamisha kichwa, akawashukuru wenyeji, akaombea wagonjwa, wajane, viongozi wa nchi na wasafiri wote walioko barabarani, milimani na kwenye kona. Matairi hakuyataja, lakini yalikuwemo. Ishara ya msalaba hakuikumbuka, mwanzo wala mwisho. Katekista aliifanya pembeni yangu mara mbili, kwa niaba yake.

"Wakatoliki wa Bukoba siku hizi mnasali kirefu," akasema baba.

"Barabara ni mbaya," akajibu dereva.

Wakazungumza habari za mvua na bei ya kahawa mpaka heshima ikatosha. Kisha baba akaweka mikono magotini. "Haya. Kijana wenu nimemsikia. Mtoto wetu atakula kwenye kibanja gani?"

Dereva aligeuza shingo yake nene akanitazama. Mimi siruhusiwi kusema. Nikatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

"Hana," akasema dereva.

Katekista alifumba macho.

"Hana kibanja?" akauliza baba.

"Hana, waitu. Hata nusu."

"Anafanya kazi gani basi?"

Dereva akanitazama tena. Nikajikuna kifundo cha mkono. Akafikiri kidogo. "Mambo ya saa," akasema.

"Mimi saa yangu ni jogoo," akasema baba, "na hajawahi kupelekwa Bukoba kutengenezwa."

Chumba kizima kikacheka. Dereva naye akacheka, na alicheka kwa moyo, jambo ambalo mshenga hatakiwi kufanya. Nyuma ya ukuta wa matete, walikokaa wanawake, kicheko kilikatika ghafla. Nilijua ni nani huko aliyeacha kucheka kwanza.

Dereva akajifuta macho. "Waitu," akasema, "sikuja kukusifia kitu ambacho hakipo. Kwetu asiye na kibanja ni mtoto wa katikati, na hakujiweka katikati yeye. Lakini rweya ipo. Serikali inasema ilimwe. Ataomba rweya, ataotesha migomba yake."

Rweya ni yale majani matupu yaliyo nje ya vibanja, udongo wake mwekundu umechoka tangu babu zetu. Baba mkubwa akasema, "Rweya ya Bukoba? Kule mbuzi akienda kula anafungasha chakula."

"Ndiyo hiyo," akasema dereva. "Na mkungu wa kwanza tutauleta hapa."

Kwa desturi, neno la mshenga ni la ukoo. Mtu ambaye hakujua jina langu alikuwa amenifunga kwa mkungu wa ndizi kutoka ardhi isiyoota ndizi. Baba akanywa lubisi yetu kwa mara ya kwanza. Akasema washenga wote aliowahi kuwapokea walikuja na vibanja vya mdomoni, na huyu ndiye wa kwanza kusema hana. Kwa hiyo atangoja. Mkungu ukiletwa kabla senene wa mwaka wa pili, wale panzi wetu wa kuliwa, hawajaanguka, tutaongea mahari. Usipoletwa, katibu yupo na hajachoka.

"Na nitakayemuuliza ni wewe, katekista," akamwambia dereva.

"Nitakuwa napita," akasema dereva.

Tulilala kwao. Asubuhi baba alitoka akamkuta mshenga wetu ameinama chini ya boneti, mikono myeusi. Alisimama akamtazama. "Kumbe makatekista wa Bukoba wanaendesha malori."

"Ujamaa, waitu," akasema dereva. "Kila mtu anafanya kazi."

Baba alikubali maelezo hayo, na tangu siku hiyo hakumwita kwa jina jingine. Dagaa waliposhushwa Muleba, katekista wa kweli alikaa mbele safari ya kurudi. Tulipopita Muhutwe akasema, "Nimetembea na neno la Mungu maisha yangu yote. Jana nimekuwa lifti." Dereva akamwomba radhi. Katekista akamwambia asiombe radhi, afikirie samadi.

Huko ndiko kulikokuwa na shida. Viongozi walinigawia kipande cha rweya pembeni ya Kibeta bila kunisumbua, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Machipukizi ya migomba alinipa katekista. Nilichimba mashimo kwa kamba na kijiti, yakapangika vizuri kama meno ya gurudumu la saa, na migomba ikasimama humo miezi mitatu bila kuongezeka hata kidole. Rweya haina kitu cha kuupa mgomba. Ilihitaji samadi na majani mengi ya kutandaza, na kwetu samadi haiuzwi. Mtu atakupa maziwa, atakupa ndama wa kumchunga, lakini samadi ni ya kibanja chake.

Dereva ndiye aliyepata njia. Aliweka sheria kwenye lori lake: anayetaka lifti ya kuja Bukoba aje na kikapu cha samadi au mzigo wa majani makavu. Pesa hakuzitaka. Nilipanda naye mara kadhaa nikashuhudia.

"Dereva, lifti mpaka Kemondo."

"Kikapu kiko wapi?"

"Kikapu gani tena?"

"Kamuulize ng'ombe wako. Tutakungoja kidogo."

Na watu walirudi kweli mbio, wamevaa nguo za kanisani, kikapu kichwani kimefunikwa kwa jani la mgomba, mabegani wametupia khanga samadi isiguse nguo. Bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi alisimamisha lori akasema yeye ni afisa kilimo.

"Vizuri sana," dereva akamwambia. "Basi wewe vikapu viwili."

Alileta viwili. Njia nzima aliketi katikati ya vikapu vyake akitueleza faida ya samadi iliyooza vizuri, na kwa kweli alijua anachosema.

Haikupita muda neno likabadilika tena. Kati ya Muleba na Kemondo, lifti ikawa samadi yenyewe. Nilimsikia mama akimwambia jirani yake, "Usiimwage lifti hapo, iweke kivulini." Mwingine aliulizwa kama ng'ombe wake wapya wana maziwa, akasema maziwa kidogo lakini lifti wanatoa. Maana yangu niliyojivunia, ya kufika kwa nguvu za mwingine, ilivunjika hapo, na sikupata nafasi ya kutunga nyingine. Nilikuwa na matandazo ya kutandaza.

Kati ya shehena zilizokuja, kulikuwa na vikapu vilivyozidi vingine. Kila mara vilikuwa vitatu, vimeshindiliwa, vimefungwa kwa kamba za migomba kwa fundo zuri, na samadi yake ilikuwa nyeusi, imeoza vizuri, haina jani bichi. Nilimuuliza dereva ni ya nani.

"Ya abiria mmoja."

"Anashukia wapi?"

"Hasafiri. Anatuma tu."

Nilidhani ni mcha Mungu fulani. Nilivimwaga vikapu hivyo kwenye mashimo yaliyokuwa dhaifu zaidi, na miezi michache baadaye migomba hiyo ilikuwa imeipita mingine kimo. Mmoja ukatoa mkungu mapema. Haukuwa mkubwa, lakini ulining'inia kwa uzito wa haki, na nilianza kulala vizuri.

Msimu wa senene ukakaribia. Nilikuwa nikipanga siku ya kukata mkungu wakati dereva aliposimamisha lori mbele ya baraza langu. Kando yake mbele alikaa baba wa msichana.

"Amekuja kuona mwenyewe," dereva akaniambia pembeni. "Anasema mkungu hata sokoni unanunuliwa. Anataka auone uko kwenye mgomba wake." Akashusha sauti zaidi. "Kuna jambo jingine. Nilimwambia sheria ya lori haina mkubwa, hata baba mkwe aje na kikapu. Akaenda nyuma ya zizi lake. Amekaa huko muda, akarudi na kikapu kitupu. Tangu kwake mpaka hapa amekipakata, na mimi sikumuuliza."

Tulimchukua katekista, tukaenda wote kwenye rweya yangu. Baba alisimama mbele ya mgomba wangu, akaupima mkungu kwa macho, akagonga ndizi moja kwa ukucha. Hakuusifu, wala hakuukejeli. Kisha, mtu mzima wa umri wake, akapiga magoti, akafukua matandazo, akaingiza vidole mpaka vifundoni, akatoa konzi ya udongo mweusi. Akaunusa. Akaupondaponda. Akaunusa tena.

"Katekista," akamwambia dereva bila kuinua kichwa, "hii ni ya ng'ombe wa nani?"

"Mimi, waitu, hubeba ninachopewa."

"Nimekuuliza ng'ombe, sikukuuliza wewe."

Dereva akatazama lori lake. Mzee wetu wa Kibeta akakohoa, akaanza, "Wahenga walisema..."

"Mzee wa dagaa, ngoja kwanza," akasema baba. "Mimi ng'ombe wangu nawapa majani ya kando ya bwawa. Samadi yao naijua gizani. Mwaka mzima nimewatukana watoto wa jirani kwamba wananiibia." Akageukia kwangu. "Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia sikujua, na ilikuwa kweli. Lakini nilipokuwa nikisema hivyo niliyaona yale mafundo mazuri ya kamba, mafundo ya mtu aliyefundishwa kushona na masista, na uso wangu ukawa na joto. Nadhani aliliona hilo pia. Aliinuka taratibu, akapangusa magoti, akakitazama kibanja changu kutoka kona mpaka kona, yaani kibanja chake mwenyewe kilichohamia Bukoba kikapu kwa kikapu.

"Katibu kakosa nini?" akajiuliza, kama mtu aliye peke yake. "Ana bati. Ana baiskeli." Akakung'uta vidole. "Haya. Kwangu wamebaki ng'ombe na huyo binti. Semeni siku mje mmchukue, kabla hajawapakia na ng'ombe."

Akaomba panga. Hakutaka tumsaidie. Aliukata mkungu mwenyewe, akausimamia mpaka utomvu ulipoacha kudondoka, akamwambia dereva auweke mbele, kwenye kiti, ukoo uuone haujachubuka. Kisha akakunja kanzu yake akapanda nyuma.